Kilio cha inchi nzima: kiongozi akifa ghafula, nani anatangaza, nani anazika, nani anabaki na nyumba

Kila mwaka, tarehe 16 na tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, muji wa Kalemie unapumzika siku mbili zenye kufuatana. Biro za serkali zinafungwa, masomo hayafunguki, na kwenye barabara kubwa inayopita katikati ya muji, ile yenye jina la Lumumba, watu wanapungua. Siku ya kwanza ni ya Mzee Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa risasi tarehe 16 mwezi wa kwanza 2001. Siku ya pili ni ya Patrice Emery Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Kati ya hizo tarehe mbili kuna miaka 40 kasoro siku moja.

Kwa mutoto wa masomo ya msingi, hizo ni siku za kulala mpaka jua lipande. Mzazi wake anakumbuka mambo mengine, na mara nyingi hayasemi. Maana Kalemie haikumlilia Mzee Kabila namna Kinshasa ilivyomlilia. Haikuweza.

Ilikuwa Jumanne. Raisi Kabila alikuwa ndani ya makao yake ya Palais de Marbre, Kinshasa, wakati kijana mmoja wa ulinzi wake, Rashidi Kasereka, alipomkaribia na kumpiga risasi. Kijana huyo aliuawa palepale. Jioni, kanali Eddy Kapend, msaidizi wa karibu wa raisi, alitokea kwenye televisheni ya taifa akaagiza wakubwa wa jeshi washike watu wao na mipaka ifungwe. Juu ya raisi hakusema kitu. Kesho yake serkali ikasema kwamba Mzee ameumizwa, anatunzwa, amepelekwa Harare inchini Zimbabwe. Wakati huohuo Louis Michel, waziri wa mambo ya kigeni wa Ubelgiji, alikuwa amekwisha kuambia dunia kwamba Kabila amekufa. Ndiyo kusema raia wa Kongo walikuwa na maneno mawili masikioni: moja kutoka kwa serkali yao, lingine kutoka kwa inchi iliyowatawala zamani. Na lile la Wabelgiji ndilo lilikuwa la kweli.

Alhamisi tarehe 18 ndipo Dominique Sakombi Inongo, waziri wa habari, alipotangaza kifo, pamoja na siku 30 za matanga ya kitaifa. Siku ya Posho mwili ukafika Lubumbashi, watu wakajaa barabarani. Siku ya Yenga ukafika Kinshasa. Tarehe 23 Mzee akazikwa mbele ya Palais de la Nation, na maraisi wa Angola, Namibia na Zimbabwe, waliokuwa na askari wao vitani upande wa serkali, walikuwa pale.

Huku Kalemie ilikuwa mikononi mwa RCD tangu mwaka wa 1998. Mustari wa vita ulikuwa umekata jimbo la Katanga vipande viwili. Mwezi mmoja tu mbele ya kifo cha Mzee, Pweto nayo ilikuwa imeanguka. Amri ya matanga iliyosomwa Kinshasa haikuwa na nguvu hapa. Nani angeshusha bendera ya serkali ambayo haikuwa inatawala? Radio Okapi ilikuwa haijazaliwa bado, ilianza tarehe 25 mwezi wa pili 2002. Mutu aliyetaka habari alitafuta mawimbi mafupi ya BBC ao Sauti ya Amerika, ao alisogeza sindano mpaka akamata Radio Tanzania kutoka ngambo ya ziwa. Sauti inapungua, jirani anasogea, kila mutu ananyamazisha watoto. Na kulia? Kulia kwa sauti juu ya mutu ambaye wenye bunduki wa muji wanapigana naye ni hatari. Wale waliomlilia walilia ndani ya nyumba, mlango umefungwa.

Hapo kuna kitu cha kushangaza. Mzee Kabila alikuwa mutu wa upande huu. Kabla ya kuwa raisi mwaka wa 1997, alikaa miaka mingi katika maquis kwenye milima ya Fizi, kaskazini ya Kalemie, ukifuata kando ya ziwa hilihili. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwezi wa ine 1965 kuja kumsaidia. Kwa hiyo watu waliokuwa karibu zaidi na njia yake ya zamani ndio waliokuwa mbali zaidi na kaburi lake.

Ili kufahamu inafanya nini kwa watu, ni vizuri kuangalia kilio cha kawaida, kile kila mutu wa Kalemie anakijua. Mutu akifa, kwanza habari inatumwa. Inatumwa haraka, na inatumwa na mutu wa familia, si na mupita njia. Ndugu wa Moba, wa Nyunzu, wa Manono wanaambiwa. Watu wanakaa chini, wanaume wanawasha moto inje, mchango unaandikwa kwenye daftari. Mwili unaonwa. Kisha kaburi. Nyuma ya kaburi kunakuja kikao ambacho wageni hawakioni sana: familia inasema marehemu alikufa na nini, alikuwa na deni kwa nani, nani atabaki na watoto, nani atashika nyumba. Kikao hicho kisipofanyika, kilio hakimaliziki. Watu wataondoka, moto utazimika, lakini miaka kumi baadaye bado utasikia wajomba wanatupiana maneno ya uchawi na sumu.

Inchi nayo inalia vile. Inataka iambiwe na mwenye nyumba. Inataka mwili. Inataka kujua nani anashika ufunguo. Kimoja kikikosekana, raia wanajaza pengo na maneno yao wenyewe, yale ambayo Kinshasa wanayaita radio trottoir.

Hakuna mfano mukubwa kushinda ule wa Lumumba. Alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, tangu uhuru wa tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Mwezi wa tisa akaondolewa, mwezi wa kumi na mbili akakamatwa, akafungwa Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 akawekwa ndani ya ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapelekwa Elisabethville, leo Lubumbashi, mikononi mwa serkali ya Katanga ya Moïse Tshombe. Usiku uleule wote watatu wakapigwa risasi porini.

Karibu mwezi mzima inchi haikuambiwa kitu. Kisha watu wa Katanga wakasema wafungwa wametoroka. Tarehe 13 mwezi wa pili, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, akatangaza kwamba wamekufa, lakini akasema waliuawa na wakaaji wa kijiji fulani. Kijiji hakikutajwa jina. Mbele ya muda mrefu dunia ikajua kama ni uongo. Watu wakaandamana Cairo, Belgrade, na hata ndani ya jumba la Umoja wa Mataifa huko New York. Kule Léopoldville, Pauline Opango, mke wa Lumumba, alitembea barabarani kifua wazi, kama desturi ya mwanamke aliyefiwa, akifuatwa na watu wake, kwenda kuomba Umoja wa Mataifa wamsaidie kupata mwili wa mume wake.

Mwili haukuwako tena. Gérard Soete, polisi wa Kibelgiji, pamoja na mwenzake, walikuwa wameukata na kuuyeyusha ndani ya asidi, ili kusiwe kaburi mahali popote. Waliofanya vile walielewa kilio vizuri sana: penye kaburi watu wanakusanyika. Soete alibaki na meno, akaja kuyazungumzia yeye mwenyewe miaka mingi baadaye. Mwaka wa 2016 sheria ya Ubelgiji ikakamata jino moja nyumbani kwa binti yake. Tarehe 20 mwezi wa sita 2022 jino hilo likatolewa kwa watoto wa Lumumba huko Brussels, ndani ya sanduku.

Sanduku lile lilizungushwa inchini: Sankuru alikozaliwa, Kisangani alikokuwa na wafuasi wengi, Shilatembo karibu na Lubumbashi alikouawa, mwishoni Kinshasa. Serkali ikatoa siku za matanga ya kitaifa kuanzia tarehe 27. Tarehe 30 mwezi wa sita 2022, siku ya uhuru, jino likazikwa Limete, ndani ya kaburi la kitaifa lililojengwa kwenye Échangeur. Ilikuwa miaka 61 tangu kifo. Kuna watu walicheka wakati ule, wakauliza namna gani inchi nzima inalilia jino. Lakini mutu aliyewahi kupoteza ndugu ziwani, mashua ikazama na mwili usipatikane, hakucheka. Anajua familia inaweza kuzika nguo tu, na kwamba hata nguo hiyo inasaidia.

Pauline Opango hakuona siku hiyo. Alikufa mwezi wa kumi na mbili 2014.

Hata bila kuuawa, mwili unaweza kugombaniwa. Étienne Tshisekedi alikufa Brussels tarehe 1 mwezi wa pili 2017. Familia na chama chake upande mmoja, wenye mamlaka upande mwingine, hawakusikilizana juu ya mahali pa kumzika na juu ya mambo ya siasa yaliyokuwa nyuma ya kaburi. Mwili ukabaki Ubelgiji. Ulirudi mwezi wa tano 2019, wakati mtoto wake Félix alikuwa amekwisha kuwa raisi, ukazikwa Nsele tarehe 1 mwezi wa sita. Miaka miwili na miezi mine ya kilio kisichoisha. Naye Marshali Mobutu, aliyetawala miaka 32, bado amelala Rabat, Moroko, tangu mwezi wa tisa 1997. Watu wanaweza kumpenda ao kumchukia, lakini mutu aliyekufa ugenini na hajarudishwa anabaki swali mezani, na kila serkali mupya inaulizwa swali hilo tena.

Sasa tutazame ngambo, maana kutoka Kalemie Kigoma ni karibu kuliko Kinshasa, na vilio vya Tanzania vinasikika hapa sawa vya nyumbani.

Mwalimu Julius Nyerere alikufa London tarehe 14 mwezi wa kumi 1999. Hakuwa tena raisi, na watu walikuwa wamejua kwa majuma kadhaa kwamba yuko hospitalini na ugonjwa wa damu. Raisi Benjamin Mkapa ndiye aliyetangaza mwenyewe. Mwili ukarudi, ukaonwa, ukapelekwa Butiama, ukazikwa tarehe 23. Kilio kilikuwa kikubwa, lakini hakikuwa na fujo wala maswali. Kilifuata njia.

Cha John Magufuli kilikuwa kingine. Alionekana kwa mara ya mwisho mbele ya watu mwishoni mwa mwezi wa pili 2021. Siku zikapita. Maneno yakaanza: amelazwa Nairobi, hapana, yuko India. Tarehe 12 mwezi wa tatu waziri mkuu Kassim Majaliwa akasema raisi ni mzima na anachapa kazi. Polisi ikakamata watu waliosambaza habari za ugonjwa wake. Kisha usiku wa tarehe 17, Samia Suluhu Hassan, makamu wa raisi, akatokea kwenye televisheni, akasema raisi amefariki kwa ugonjwa wa moyo katika hospitali ya Mzena, Dar es Salaam.

Siku tano kati ya neno la waziri mkuu na neno la makamu wa raisi. Siku hizo tano ndizo watu wanazizungumza mpaka leo, kuliko mazishi yenyewe. Wako Watanzania ambao hawataamini kamwe tarehe iliyotangazwa, hata kama ni ya kweli, sababu mlango wa mashaka ulifunguliwa na wenye nyumba wenyewe.

Lakini kwa upande mwingine Tanzania ilionyesha kitu ambacho Kongo ya 2001 haikukuwa nacho. Katiba yao inasema raisi akifa, makamu anamaliza muda uliobaki. Basi. Tarehe 19 Samia akaapishwa, mwanamke wa kwanza kuongoza inchi ile, na hakuna askari aliyefunga barabara. Watu wakapata nafasi ya kulia tu. Walilia hata kupita kiasi: siku mwili ulipowekwa kwenye uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, tarehe 21, watu walisongamana na 45 wakafa, kwa hesabu ya polisi. Mutu anaenda kuaga maiti, naye anarudishwa maiti. Jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila mwenye kupanga kilio cha watu wengi, hata kwenye uwanja mdogo. Magufuli akazikwa Chato, kwao, tarehe 26.

Katika Kongo, mwaka wa 2001, hapakuwa na katiba iliyoeleza wazi nani anafuata. Wakubwa walikaa wakamchagua Joseph Kabila, mtoto wa marehemu, umri wake miaka 29, akaapishwa tarehe 26 mwezi wa kwanza. Leo maandiko yako: katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inasema kiti cha raisi kikibaki wazi, raisi wa Sena anashika kwa muda, na uchaguzi unafanyika kati ya siku 60 na siku 90, Mahakama ya Katiba inaweza kuruhusu mpaka siku 120 kukiwa na kizuizi kikubwa. Raia wengi hawajui kifungu hicho. Ni kifungu cha 75 na cha 76, na si vibaya mutu akiwa nacho kichwani, maana siku ya kukihitaji hakutakuwa na wakati wa kutafuta kitabu.

Inabaki kitu kizito kushinda vyote, na kwa watu wa kando ya ziwa hili si historia ya mbali. Kifo cha kiongozi kinaweza kugeuzwa kisu.

Tarehe 21 mwezi wa kumi 1993 askari wa Burundi walimuua Melchior Ndadaye, raisi wa kwanza aliyechaguliwa na raia wote, ambaye alikuwa amekaa madarakani miezi mitatu tu. Kilio chake hakikukaa chini hata usiku mmoja. Mauaji yakaanza vilimani, watu elfu makumi wakafa, Wahutu na Watutsi, na mamia ya maelfu wakakimbia, wengine wakaingia huku kwetu.

Miezi michache baadaye, usiku wa tarehe 6 mwezi wa ine 1994, ndege ikatunguliwa juu ya Kigali. Ndani mulikuwa maraisi wawili: Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, yule aliyemfuata Ndadaye. Ndege moja, usiku mmoja, inchi mbili zimefiwa. Yaliyofuata hayakufanana hata kidogo.

Rwanda, vizuizi viliwekwa barabarani usiku uleule. Radio RTLM ikataja wenye kosa kabla ya uchunguzi wowote, ikaita watu kazini, na kila mutu alijua kazi hiyo ni gani. Waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana, ambaye ndiye alipaswa kuongea na taifa kwenye radio asubuhi, aliuawa kabla hajafika mbele ya kipaza sauti. Kwa siku mia moja hivi watu zaidi ya laki tano waliuawa, wengi wao Watutsi. Hesabu nyingine zinafika laki nane na kupita.

Burundi, inchi iliyokuwa na kidonda kibichi cha miezi sita, watu wengi waliogopa kwamba italipuka zaidi ya mwanzo. Usiku ule Sylvestre Ntibantunganya, spika wa bunge, ambaye mke wake mwenyewe alikuwa ameuawa katika fujo ya mwezi wa kumi, alitokea pamoja na wakubwa wa jeshi na Ahmedou Ould-Abdallah, mjumbe wa Umoja wa Mataifa. Wakasema raisi amekufa. Wakasema ni ndege, Kigali. Wakaomba kila mutu abaki nyumbani. Bujumbura ikalala. Vita vya Burundi havikuisha, viliendelea miaka mingi na viliua watu wengi, hakuna wa kudanganya juu ya hilo. Lakini juma lile, kwa habari ileile, hawakufanya yale ya jirani.

Wakaaji wa Kalemie waliokuwa watu wazima mwaka ule wanakumbuka mashua zilizotoka kaskazini, na maneno ambayo watu waliokuwa ndani hawakutaka kusema.

Ndiyo sababu siku za matanga, radio inakuwa na kazi nzito kuliko siku nyingine. Watu wanafikiri ni kubadili muziki tu, kuondoa ndombolo na kuweka nyimbo za kanisa. Hiyo ni sehemu ndogo. Kubwa ni kutosema kifo kabla hakijasemwa na anayepaswa kukisema, na pia kutosema "yuko mzima" wakati hujui. Kati ya hayo mawili kuna neno moja gumu kutamka mbele ya kipaza sauti: "hatujui bado". Wasikilizaji wanakasirika wakilisikia. Wanapiga simu, wanasema radio inaficha. Sasa na WhatsApp ni vigumu zaidi, sababu picha ya maiti inaweza kufika Kalemie kutoka Goma kabla daktari hajaandika karatasi.

Ilionekana hivyo tena mwezi wa kwanza 2025. Jenerali Peter Cirimwami, gavana wa Kivu ya Kaskazini, alipigwa risasi mstari wa mbele karibu na Goma tarehe 23. Siku nzima simu zilizunguka: amekufa, hajakufa, amepelekwa Kinshasa. Kifo kikathibitishwa tarehe 24. Siku tatu baadaye M23 ilikuwa ndani ya Goma. Jimbo lilipoteza gavana na muji mkuu katika juma moja, na wale waliotaka kumlilia gavana wao ndani ya Goma walijikuta pale Kalemie ilipokuwa mwaka wa 2001, mlango umefungwa, sauti chini.

Juu ya Mzee Kabila mwenyewe, kile kikao cha mwisho cha kilio bado kina wajomba wanaogombana. Watu zaidi ya mia walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka wa 2002. Wengi wakahukumiwa, baadhi yao kifo, ingawa hukumu hiyo haikutekelezwa. Kanali Kapend, yule wa televisheni, alikuwa mmoja wao. Siku zote alisema hana kosa. Alitoka gerezani mwezi wa kwanza 2021 kwa msamaha wa raisi Félix Tshisekedi, karibu miaka 20 nyuma ya kifo. Nani alimtuma kijana Rashidi? Ukiuliza swali hilo ku soko ya Kalemie utapata majibu matano kwa watu wane.

Na kuna kilio kimoja ambacho ni cha Kalemie yenyewe, hakina siku ya mapumziko. Jason Sendwe alikuwa msaidizi wa daktari, kisha kiongozi wa Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga kilichokataa Katanga kujitenga mwaka wa 1960. Alipita mpaka kuwa makamu wa waziri mkuu kule Léopoldville. Mwishoni alikuja kuwa raisi wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, ambalo muji wake mkuu ulikuwa Albertville, jina la Kalemie wakati ule. Aliuawa hapahapa mwezi wa sita 1964, katika fujo za uasi, na namna alivyouawa inasimuliwa kwa njia nyingi. Serkali ya jimbo ilikuwa imevunjika, hakuna aliyebaki wa kukaa chini na watu na kutangaza sawasawa.

Leo mgonjwa wa Kalemie akipewa karatasi ya kwenda kutunzwa mbali, mara nyingi ni Lubumbashi, katika hospitali kubwa ya jimbo. Ndugu zake wanamsindikiza mpaka kwenye gari la moshi ao ndege, wanauliza jina la hospitali, wanaliandika vizuri kwenye simu wasilisahau: Sendwe.